Grinikadi ya ndoa ni nini, na wakili anaingia wapi

Utasikia watu wakisema, "Fulani kaolewa na Mmarekani, karatasi tayari." Imani hiyo imewaponza wengi. Grinikadi ni kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, na grinikadi ya ndoa ni kibali hicho hicho kinachopatikana kupitia mwenzi: mume au mke ambaye ni raia wa Marekani, au mwenye grinikadi yake, anamwombea mwenzake. Ndoa inakupa haki ya kuombewa. Kibali chenyewe kinakuja baada ya kuthibitisha mambo mengi, na baadhi yake yalitokea kabla hamjajuana.

Ombi huanza na fomu ya I-130, inayopelekwa idara ya uhamiaji, USCIS. Anayeijaza ni yule mwenye uraia au grinikadi. Afisa akiipokea anataka kujua mawili: ndoa hii ni halali, na ni ya kweli?

Kwenye uhalali ndipo watu wetu wanapokwama. Kipimo ni sheria ya mahali ndoa ilipofungwa, na ushahidi ni cheti cha serikali. Nikaha iliyosomwa Tanga au Mombasa mbele ya sheikh na ukoo mzima isiposajiliwa itakusumbua. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, itatakiwa hati ya talaka au ya kifo ya ndoa ile ya mwanzo; talaka ya mdomo, hata kama mtaa wote uliisikia, haimtoshi afisa. Mke wa pili hatambuliwi na uhamiaji wa Marekani, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara inaruhusu ndoa ya wake wengi. Na ile ndoa ambayo bwana harusi yuko Minneapolis na nikaha inasomwa Zanzibar kwa simu haihesabiwi mpaka wawili hao wawe wamekutana kimwili kama mume na mke baada ya nikaha. Kukutana kabla ya hapo hakusaidii.

Ukweli wa ndoa huonekana kwenye maisha yenu ya kawaida: mkataba wa pango wenye majina yote mawili, akaunti ya benki, bima, picha za miaka tofauti, tiketi za safari, ujumbe wa simu, vyeti vya watoto. Ndoa iliyopangwa na wazazi haihesabiwi kuwa ya uongo kwa sababu hiyo tu. Inabidi kuieleza vizuri, kwa sababu afisa huenda hajawahi kuona mahari ikijadiliwa na wajomba. Ndoa ya kununua ni jambo jingine kabisa. Chini ya sheria ya 1986, adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000, na mhamiaji aliyehusika hufungiwa mlango hata akija kuoa kwa mapenzi ya kweli baadaye. Anayekuambia "tunafunga tu kwa ajili ya makaratasi" anakuuzia hatari hiyo.

Kama mwombewa yuko nje ya Marekani, faili hupitia Kituo cha Taifa cha Viza, kisha mahojiano ubalozini. Kwa aliyeko Kenya ni Nairobi. Kama yuko ndani, hujaza I-485, fomu ya kuomba ukaazi bila kutoka Marekani. Mwenzi wa raia aliyeingia kwa viza na kukaguliwa mpakani kwa kawaida anaweza kuomba akiwa ndani hata kama muda wake wa kukaa umekwisha. Mwenzi wa mwenye grinikadi hana nafuu hiyo, na huenda akasubiri foleni, kwa kuwa kundi lake lina idadi maalumu kila mwaka.

Hapa naomba msomaji asome taratibu. Mtu aliyepitisha muda wake kwa zaidi ya siku 180 akitoka Marekani anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akipitisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Aliyekwisha kupeleka I-485 naye akisafiri bila kibali cha safari, kwa kawaida ombi lake huhesabiwa limeachwa. Simu ya msiba haichagui wakati. Mtoto anataka kumzika mama yake, anakata tiketi usiku huo huo, na kosa analigundua akiwa tayari yuko nyumbani. Ukiwa kwenye hali hiyo, mpigie wakili kabla ya kupigia shirika la ndege.

Wakili gani basi? Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, hivyo wakili mwenye leseni ya Texas anaweza kumsimamia mtu wa Ohio. Wa karibu ana faida yake: anaziona hati halisi, anakaa nawe siku ya mahojiano, na akiwa mzoefu anaifahamu ofisi mtakayoitwa. Wapo pia wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, wanaofanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya faida, mara nyingi kwa malipo madogo. Wote hawa hujitambulisha kwa fomu ya G-28. Asiyetaka kuijaza na kuweka saini yake, muulize kwa nini.

Karibu kila jamii yetu ina ndugu "anayejua mambo ya fomu", kanisani, msikitini au dukani. Anaweza kuandika unachomwambia. Akianza kukuchagulia fomu ipi na jibu lipi, hapo anatoa ushauri wa sheria bila ruhusa, na saini iliyo chini ni yako. Wakili wa Dar es Salaam au Nairobi ana kazi yake pia: kufuatilia vyeti na hukumu za talaka. Ya sheria ya Marekani amwachie mwenye leseni ya huko.

Siku ya kwanza mwambie wakili kila kitu: viza ulizonyimwa, kukamatwa na polisi hata kama kesi ilifutwa, jina ulilotumia kwenye kambi ya wakimbizi, lile ombi la zamani ulikoandika kwamba hujaoa. Afisa ana mafaili hayo.

Mwenzi mwombaji pia husaini I-864, ahadi ya kukutunza, akionyesha kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kikipungua, ndugu au rafiki mwenye uraia au grinikadi anaweza kuongeza saini yake. Aelezwe wazi kabla: talaka haiivunji ahadi hiyo.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kupewa ukaazi, kadi huwa ya masharti kwa miaka 2, na wote wawili hujaza I-751, fomu ya kuomba masharti hayo yaondolewe, ndani ya siku 90 za mwisho. Kuna wanaume wanaoutumia muda huo kama fimbo: "Ukisema neno nakurudisha kwenu." Hana uwezo huo. Ndoa ya kweli ikivunjika, au kukiwa na kipigo na manyanyaso, mwenye kadi anaweza kuomba masharti yaondolewe peke yake. Na hata ambaye bado hana kadi, sheria ya 1994 dhidi ya ukatili inamruhusu kujiombea bila mwenzi kujua, awe mke au mume.

Masharti ya nchi hubadilika pia. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025, la kuzuia au kubana kuingia kwa watu wa nchi kadhaa, liliwagusa waombaji kutoka Burundi na Somalia, kwa hiyo uliza hali ya nchi yako kabla ya kulipa ada yoyote. Hati za Kiswahili zitafsiriwe zote, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba tafsiri ni kamili na anazimudu lugha zote mbili. Mkihama nyumba, mjulisheni USCIS ndani ya siku 10, maana barua ya mahojiano hutumwa kwenye anwani waliyonayo.