Hiyo magnesiamu mpya kwa chupa, tunaipimaje?

Juzi mama mmoja alikuja kwa ofisi yetu hapa Nairobi na chupa ya tembe aliyonunua mjini, lebo inasema magnesiamu sitreti maleti, akaniuliza, daktari hii iko sawa ama nimeuziwa kitu sijui?

Swali zuri sana hilo, na wengi hawaliulizi. Magnesiamu yenyewe tunaijua, iko kwa maharagwe, njugu, sukuma. Sisi tunaangalia imeshikana na nini, manake madini hayakai peke yake kwa tembe, na hicho yameshikana nacho pia unakimeza. Hii imeshikana na asidi mbili, moja ndiyo ile ya ndimu na nyingine ile ya tofaa, na zote mwili wako hutengeneza kila siku, kwa hivyo zikiachana tumboni hakuna kitu kigeni hapo. Swali la pili, je, zinaachana kweli na magnesiamu inaingia kwa damu, ama inapita tu inaishia choo? EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliyoko Parma, Italia, waliipima 2018 wakaona haina shida na mwili unaweza kuitumia.

Lakini kiasi sasa. Waliotaka kuiuza walikuwa wamependekeza hadi miligramu 540 za magnesiamu kwa siku, lakini kule Ulaya kiwango cha juu cha ile ya kuongezea, bila kuhesabu ya chakula, ni 250. Ukipita hapo kitu cha kwanza utaona ni kuhara, na kama figo ni mbovu haitoki vizuri, inajaa kwa damu, na hapo moyo na hata kupumua vinaweza kuharibika.

Na tafadhali soma lebo polepole, hapa ndio watu wengi wanapotea. Huu unga wa sitreti maleti ni magnesiamu asilimia 12 hadi 15 tu, so tembe imeandikwa miligramu 1,000 za unga wote inakupa kama 120 hadi 150 za magnesiamu yenyewe. Kuna mtu ataona 1,000 aogope bure, mwingine ataona inayosema 300, ameze nne, kumbe hiyo 300 ilikuwa magnesiamu tupu!

Halafu kuna kiwanda. 2008 kule Marekani saplimenti moja ya maji ilichanganywa vibaya, seleniamu ikawa mara 200 ya iliyoandikwa, watu 201 wakaugua, nywele zikakatika, kucha zikaharibika, wakahara na viungo vikauma. Seleniamu yenyewe ni kitu mwili unahitaji, shida ilikuwa kipimo. Ndio maana hatupimi sampuli moja tukatulia, tunataka majibu ya bechi kadhaa, pamoja na vipimo vya sumu kama risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki, kwa sababu madini hutoka ardhini na hivi vitu huja nayo. Na kina mama wajawazito wanaotafuna odowa, nawaomba sana, hilo jiwe linaweza kuwa na risasi, na risasi humfikia mtoto tumboni.

Turudi kwa yule mama. Chupa yake ilikuwa imeandika uzito wa unga wote, haisemi magnesiamu ni ngapi, na yeye ana presha na figo zake zinafuatiliwa kliniki. Nilimwambia asiifungue, aende nayo kliniki wamwangalie damu kwanza.