Matarishi wa Pony Express: hadithi na ushahidi

Anayechunguza maisha ya matarishi wa farasi wa Marekani hukutana na hadithi kabla ya nyaraka. Kumbukumbu nyingi za Pony Express, huduma iliyopeleka barua kwa wapanda farasi waliopokezana, zilipotea, na pengo hilo likajazwa na masimulizi ya wazee waliokumbuka mambo ya ujanani. Hapa chini kila dai la hadithi limenukuliwa, kisha likapimwa kwa ushahidi.

"Ilidumu miaka mingi." Haikufikisha hata miwili. Ilianza Aprili 3, 1860, kati ya St. Joseph, Missouri, na Sacramento, California. Oktoba 1861 nyaya za telegrafu ziliunganishwa Salt Lake City, na siku mbili baadaye huduma ikatangazwa kufungwa.

"Tangazo lilitaka vijana wembamba, yatima wakipewa kipaumbele." Tangazo hili limechapwa kwenye mabango mengi, ila hakuna gazeti la 1860 lililopatikana likiwa nalo. Lilijulikana karne ya 20. Wepesi wa mwili ulitakiwa kweli, kwa sababu farasi alikimbizwa kwa kasi, akabadilishwa kila baada ya kilomita 16 hadi 24. Tarishi alifika kituoni akiwa na mochila, ngozi inayotandazwa juu ya tandiko, yenye mifuko minne ya barua. Aliichomoa, akaitupa juu ya farasi mwingine aliyekwisha kutandikwa, akapanda na kuondoka. Uzito wa barua haukutakiwa kuzidi kilo 9 hivi.

"Buffalo Bill alikuwa tarishi hodari." Buffalo Bill ni jina la utani la William Cody, mwigizaji maarufu wa maonyesho ya maisha ya Magharibi ya Marekani. Mwaka 1860 alikuwa na miaka 14, na wanahistoria wengi wanayatilia shaka madai yake kwamba alikuwa tarishi. Lakini kuanzia 1883 onyesho lake liliigiza mbio za matarishi mbele ya umati, na sifa za kazi hiyo zikashikamana na jina lake.

"Hatari ilikuwa ya mpanda farasi." Mpanda farasi alipita, mtunza kituo alibaki palepale. Vita na Wapaiute, wenyeji wa asili wa eneo hilo, vilipozuka Mei 1860 huko Nevada, vituo vilichomwa, watunzaji wakauawa, na huduma ikasimama kwa wiki kadhaa. Hawa ndio wanaosahaulika zaidi, na naona ni dhuluma. Hata chanzo cha vita husimuliwa nusunusu: wasichana wa Kipaiute walikuwa wametekwa na wazungu wa Williams Station, kituo kimoja cha njiani.

Kwa hiyo, kila simulizi iulizwe kwanza iliandikwa mwaka gani. Sensa ya Marekani ilihesabu watu kuanzia Juni 1860, matarishi wakiwa bado kazini. Majina yatafutwe humo kwanza, kisha kwenye magazeti ya miezi hiyohiyo, ndipo masimulizi ya uzeeni yafunguliwe.