Ruqaa si Naskhi Iliyoandikwa kwa Haraka

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza khati wamesomea chuoni, na macho yao yamezoea naskhi, yaani mwandiko wa misahafu na wa vitabu vingi vya Kiarabu vilivyopigwa chapa. Ukiwawekea mbele barua ya mkono kutoka Cairo au Damascus hukwama tangu mstari wa kwanza, na wengine husema aliyeiandika hajui kuandika. Hawamtendei haki. Barua hiyo imeandikwa kwa ruqaa, mwandiko wa kila siku wa Misri na Shamu, wenye kanuni zake kamili.

Ruqaa (isichanganywe na riqaa, mojawapo ya zile kalamu sita, yaani mitindo sita ya khati, za kale) ilikomaa mikononi mwa makarani wa dola ya Uthmania, na kanuni zake zikapangwa Istanbul katika karne ya 19. Karani anayeandika kutwa hana budi kupunguza kuinua kalamu, na maumbo mengi ya ruqaa yametokana na haja hiyo.

Chukua neno shams, yaani jua. Katika naskhi, shini ina meno matatu na nukta tatu zinazowekwa mojamoja. Katika ruqaa meno hayo hunyooka yakawa mstari mmoja, na nukta tatu huwa alama moja yenye pembe juu, inayoandikwa kwa mkupuo. Nukta mbili, kama za taa na yaa, huwa kistari kifupi. Neno lenyewe huanzia juu, likateremka kuelekea kushoto hadi herufi ya mwisho itue kwenye mstari. Irabu kwa kawaida haziandikwi.

Linalowatatiza zaidi wanafunzi ni makazi ya herufi. Katika naskhi, raa, wau na nuni hushuka chini ya mstari. Katika ruqaa zote hukaa juu yake, na zinazoshuka ni chache, hasa jimu na ndugu zake (haa na khaa), ain, ghain na mimu, zinapokuwa mwishoni au peke yake. Nuni ya mwisho ndiyo inayonivutia kuliko zote: nukta yake humezwa na mkia, kalamu ikijikunja kwa ndani kama ndoana pasipo kuinuliwa. Asiyeijua nuni hiyo huitafuta nukta bila kuiona, akasoma herufi nyingine kabisa.

Ujuzi huu una mipaka yake: Moroko wana mwandiko wao wa Kimaghribi, na Wairani huandika kwa shekaste, ambayo ina kanuni nyingine.