Je, wajua kwa nini Rais wa Kenya hawezi kujichagulia jaji?

Ukiingia Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa na hati ya shamba mkononi, jaji utakayemkuta hakuletwa na mwanasiasa. Kabla ya Katiba ya 2010, Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake, na tume iliyomshauri juu ya majaji wengine ilijaa wateule wake.

Siku hizi mchujo uko kwa Tume ya Huduma za Mahakama, yenye watu 11. Sita kati yao huchaguliwa kwa kura na wenzao: majaji, mahakimu na mawakili. Waliobaki ni Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma, na raia wawili wasio wanasheria, wanaoteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Nafasi hutangazwa, waombaji huchujwa, kisha majina huchapishwa. Hapo ndipo zamu ya mwananchi: unayejua kwamba fulani alikula hongo, iandikie tume kabla ya usaili, ambao hufanywa hadharani. Mahakama Kuu yataka uzoefu wa miaka 10, Mahakama ya Juu 15. Mwanasiasa aliye wakili aweza kuomba, lakini mlango ni huo huo.

Pengo liko mwishoni. Kifungu cha 166 chasema Rais atateua kufuata mapendekezo ya tume, ila hakitaji siku. Mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41, 20 yakiwa ya mahakama ya ardhi. Walioteuliwa Juni 2021 ni 34. Mmoja alikuwa ameshafariki. Sita wakangoja mpaka Septemba 2022, alipoingia Rais mpya. Muda wote huo kesi zilisogezwa, na Pwani yetu hii kuna mashamba yanayogombaniwa tangu enzi za babu.

Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kumpa Rais majina matatu achague Jaji Mkuu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta. Sawa kabisa. Kinachofaa kurekebishwa ni siku: ziandikwe, hata 14 zatosha, na zikipita Jaji Mkuu awaapishe. Rais mwenye ushahidi dhidi ya mtu aupeleke kwa tume kabla ya usaili, kama raia mwengine yeyote.