Maumivu yasiyoisha: daktari wake yuko wapi hapa Mwanza?

Mgonjwa wa maumivu akiingia chumba chetu cha daktari, mara nyingi anaanza kwa kufungua kifuko. Humo mna pakiti tupu za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, chupa ya dawa ya kuchua, na kikaratasi chenye vidonge vya rangi tatu visivyo na jina. Ndipo anasema, "Daktari, mgongo huu una mwaka sasa." Maswali yanayofuata ni yaleyale, awe mchukuzi wa Mwaloni Kirumba, mama anayeanika dagaa au kijana wa bodaboda.

Maumivu sugu ni yapi?
Ni yale yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Si lazima yawe makali.

Mwanza kuna daktari wa maumivu?
Ukitafuta kibao kilichoandikwa hivyo utaizunguka Nyamagana na Ilemela hadi jua lizame. Kwetu kazi hiyo wamegawana. Mgongo, magoti na mabega ni ya daktari wa mifupa pamoja na fiziotherapia. Miguu inayowaka moto kwa mwenye kisukari ni ya daktari wa magonjwa ya ndani. Maumivu ya saratani yanashughulikiwa na idara ya saratani pale hospitali ya Bugando pamoja na watu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, ambao dawa yao kubwa ni morfini ya kunywa. Madaktari wa ganzi na usingizi nao hawaishii chumba cha upasuaji. Ndio wenye ujuzi wa kuchoma sindano za kutuliza mshipa wa fahamu. Atakayekuambia uende kwa nani kati yao ni daktari wa kawaida aliyekupima.

Basi niende Bugando moja kwa moja?
Hapana. Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya wilaya, halafu Sekou Toure ambayo ni ya mkoa. Bugando ni ya kanda. Mwenye bima akifika juu bila barua ya rufaa anaweza kukwama dirishani. Walioko Ukerewe, anzeni hospitali ya Nansio kabla ya kukata tiketi ya meli. Dharura haifuati ngazi hizi.

Diklofenaki inanisaidia. Kuna ubaya gani nikiendelea?
Hapa ndipo tunapopoteza watu. Dawa za kundi hili, pamoja na ibuprofeni na piroksikamu, ni za siku chache. Ukizila miezi, zinachubua tumbo hadi linavuja damu, zinapandisha presha na zinaua figo polepole bila kukuuma. Mwenye presha, kisukari au umri mkubwa yuko hatarini zaidi. Kuna wanaokuja wakilalamikia mgongo, tukipima damu tunakuta figo ndizo zinazohitaji daktari haraka kuliko mgongo wenyewe.

Hata nikila kwanza?
Hata ukila. Ugali haulindi figo.

Na nikichoma sindano badala ya vidonge?
Dawa ni ileile, na figo ni zilezile. Isitoshe, sindano ya kalio iliyochomwa vibaya inaweza kuumiza mshipa wa fahamu, ukaondoka na unyayo usionyanyuka. Muuza duka akikuchoma kila wiki, huyo hakutibu. Anakuchelewesha.

Vipi ile dawa ya mchanganyiko, ya vidonge visivyo na jina? Iliniinua usiku mmoja.
Ndiyo maana uishuku. Dawa isiyo na jina inayoleta nafuu ya ajabu kiasi hicho huenda ina steroidi, kama prednisoloni. Ukiizoea uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalegea. Ukiwa umeitumia muda mrefu usiiache ghafla, maana mwili unaweza kuzimia. Njoo nayo tukupunguzie. (Na tafadhali usimpe jirani kilichobaki.)

Nisisubiri lini?
Miguu ikiisha nguvu. Ganzi ikishika sehemu za siri au makalio. Mkojo ukigoma, au choo kikitoka bila wewe kujua. Hizo ni za leo hii, hata kama ni usiku. Ukingoja Jumatatu unaweza usitembee tena. Homa za jioni, kupungua uzito au maumivu yanayokuamsha usiku nayo hayangoji mwisho wa mwezi. Kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Anachofanya ni kununua diklofenaki.

Nimeandikiwa dawa ya kifafa, nami sina kifafa. Daktari kakosea?
Hakukosea. Maumivu ya kuwaka, kuchoma na kupiga shoti yanatoka kwenye mishipa ya fahamu, na diklofenaki haiyafikii vizuri. Gabapentini, ambayo ni ya kifafa, na amitriptilini, ambayo ni ya sonona na hapa hutolewa kwa dozi ndogo, hutuliza mishipa hiyo. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Usizitupe siku ya tatu.

Nitamjuaje daktari wa kweli?
Lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumuuliza namba yake si utovu wa adabu. Anayenadi dawa ya mgongo kwa kipaza sauti stendi, mpite tu.

Niende na nini?
Kifuko chako chote, pamoja na vikaratasi visivyo na jina. Hatutakugombeza; tunataka kujua umemeza nini. Njoo na picha za eksirei za zamani, vipimo na dawa zako za presha. Utuambie maumivu yalianza lini, yanashukia wapi, na ni kazi gani uliyoacha kwa sababu yake. Kisha omba kupimwa figo, hata kama umekuja kwa ajili ya goti.