Je, wajua kwa nini utafiti wa bunduki ulikauka Marekani bila kukatazwa?

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuifungua sheria yenyewe, kwamba mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipiga marufuku utafiti kuhusu bunduki. Nilikosea. Siko peke yangu, maana kauli hiyo imerudiwa magazetini hadi ikaota mizizi.

Sheria yenyewe ni sentensi moja tu iliyochomekwa kwenye bajeti, ikabaki na jina la mbunge aliyeipeleka, Jay Dickey wa Arkansas. Inasema fedha za kuzuia majeraha zinazopewa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) zisitumike kutetea wala kuhamasisha udhibiti wa bunduki. Isome tena, polepole. Neno "utafiti" halimo. Hakuna aliyekatazwa kuhesabu waliopigwa risasi, wala kuuliza silaha ilitoka wapi, wala kulinganisha nyumba yenye bunduki na isiyo nayo. Profesa aliyekuwa na fedha za kwingine hata haikumgusa. Mimi nilidhani ni ukuta. Kumbe ni kibao, tena kimeandikwa kwa maneno ya mafumbo.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake, kwa fedha za CDC, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuwa na bunduki nyumbani kuliendana na hatari ya mauaji ndani ya nyumba hiyo iliyo kubwa mara 2.7. Kuendana si kusababisha: huenda wanaoishi kwa hofu ndio wanaonunua bunduki, na wakosoaji walilisema hilo kwa sauti. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilidai CDC inafanya siasa ndani ya koti jeupe. Haki isemwe, madai hayo hayakutoka hewani kabisa, kwani mkuu mmoja wa CDC alikuwa amenukuliwa gazetini akitaka bunduki zitazamwe kama sigara zinavyotazamwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kibao kilivyogeuka kuwa ukuta. Chukua bosi anayewaambia wafanyakazi wake: "Sikatazi mtu kwenda msibani. Ninachokataza ni utegaji." Utegaji ni nini? Hasemi. Mwisho wa mwezi unafungua bahasha, unakuta umekatwa siku 2, na siku 2 ndizo ulizokwenda kumzika shangazi. Hakuna barua ya onyo. Akitokea marehemu mwingine, wewe mwenyewe utapiga hesabu. Utatuma rambirambi kwa simu. Baada ya miaka michache anaajiriwa kijana mpya, anauliza kama ruhusa ya msiba ipo, na wakongwe wanamjibu bila kufikiri: "Hapa misiba hairuhusiwi." Bosi hajawahi kutamka hivyo.

Ndivyo Bunge lilivyofanya. Pamoja na sentensi ile, liliikata CDC dola milioni 2.6, kiasi kilekile ambacho kitengo chake kilikuwa kimetumia mwaka uliotangulia kutafiti majeraha ya bunduki. Kisha fedha hizo zikarudishwa, ila kwa masharti: zitumike kwa majeraha ya ubongo. Ujumbe ulifika. Mtu wa CDC angeuliza tafsiri ya neno "kuhamasisha" kwa nani, na kwa faida gani? Matokeo yakionyesha bunduki ni hatari, kuyachapisha tu si kuhamasisha? Aliye salama ni yule asiyeanza kabisa. Na kwa kuwa watafiti wa vyuo vikuu huishi kwa ruzuku, ruzuku ikinyauka mada nayo inanyauka. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye akili timamu hachagui mada isiyo na mfadhili.

Mwaka 2017 watafiti wawili walilinganisha vyanzo vya vifo nchini Marekani na fedha za utafiti za serikali kuu. Ukatili wa bunduki ulikuwa umepata takriban asilimia 1.6 tu ya kiasi ambacho kingetarajiwa kwa idadi ya vifo vyake. Tahadhari: hesabu hiyo inapima upana wa shimo, haimtaji aliyelichimba. Hata hivyo haikuwa jangwa tupu. Garen Wintemute, daktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa mfukoni mwake zaidi ya dola milioni 1 ili kazi isisimame, jambo ambalo sijui maprofesa wangapi wangelieleza nyumbani wakaeleweka.

Dickey mwenyewe aligeuka. Mwaka 2012 aliandika makala gazetini pamoja na Mark Rosenberg, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha majeraha cha CDC na hasimu wake wa zamani, wakitaka utafiti uendelee. Hoja yao ilikuwa ya barabarani: vifo vya ajali vilipunguzwa kwa sayansi, na hakuna aliyenyang'anywa gari.

Alifariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata Bunge likaambatanisha na bajeti maelezo kwamba CDC ina mamlaka ya kutafiti chanzo cha ukatili wa bunduki, na Desemba 2019 likatenga dola milioni 25, nusu kwa CDC na nusu kwa taasisi za taifa za afya. Safari zote mbili, sentensi ya 1996 iliachwa palepale bila kufutwa.