Mshike mtu wa mwenzako: ninavyofundisha Tekken hapa Lubumbashi

Katika vyumba vya michezo ya video vya mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, kijana haitwi kwa jina lake. Huyu ni "Hwoarang", yule ni "King", na ukiuliza nani kashinda jana jioni utajibiwa: "Paul wa kule Kenya." Mtu akishampata mhusika wake katika Tekken, mchezo wa video wa kupigana wawili kwa wawili, basi amempata. Mwambie amweke kando kwa muda, atakutazama kama vile umemwambia aihame timu yake ya mpira, Mazembe, aende kushangilia mahasimu wao Lupopo.

Kazi yangu ni kuwanoa vijana hao. Nilianza na Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza, nikaufuata mchezo toleo kwa toleo, na leo nafundisha na kusimamia mashindano ya mtaani. Katika yote ninayofundisha, linaloleta ubishi ni moja: ukitaka kumchezea mtu wako vizuri, lazima ukae na watu wengine. Kumwonja mtu raundi moja na kukimbilia kwa wako hakutoshi. Kaa naye mpaka ujue anaogopa nini.

Nianze na maungo ya mchezo wenyewe, maana wengi wanadhani kubadili mhusika ni kuanza upya. Sivyo. Kwenye maneti ya PlayStation, kile kidude cha vitufe unachokishika mkononi, mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, msalaba ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Ndivyo ilivyokuwa zamani na ndivyo ilivyo katika Tekken 8 iliyotoka Januari 2024. Kila kitufe ni kiungo cha mwili, awe ni Nina, awe ni yule dubu Kuma. Ngumi ya haraka ya kushoto, kwa wahusika karibu wote, inafika kwa fremu 10, yaani picha 10 za skrini. Mchezo unapitisha fremu 60 kila sekunde, kwa hiyo ngumi hiyo inachukua sehemu moja ya sita ya sekunde. Sasa jicho lione na kidole kiitike, hiyo ni kama robo ya sekunde, yaani fremu 15 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna anayekinga ngumi ya haraka kwa kuiona. Unaikinga kwa sababu umejua kwamba sasa ni zamu yake.

Zamu ndiyo roho ya Tekken. Pigo likikingwa, mara nyingi aliyelipiga anachelewa kurudi sawa. Akichelewa fremu 10 au zaidi, na awe karibu, ngumi yako inamkuta kabla hajaweza kujikinga. Akichelewa pungufu ya hapo, humwadhibu, lakini zamu umeipata. Kijana anayemjua mtu mmoja tu anajua zamu zake zinapoanzia. Za mwenzake zinapoishia hajui, anabahatisha, na kubahatisha huko hakuonekani kwa sababu amewazoea watu wa chumba chake.

Mchukue Eddy Gordo. Mbrazili huyu wa kapoera aliingia katika Tekken 3, na tangu hapo hajaacha kuliza watu. Hakuna chumba cha michezo kisicho na kijana anayebonyeza vitufe viwili vya miguu bila mpangilio: Eddy anazunguka, anasimama kwa mikono, anajilaza chini, miguu inatoka kila upande. Wenzake wananijia, wakiniita yaya kama mkubwa wao: "Yaya, huyu hachezi, anabonyeza tu!" Jibu langu ni kumpa mlalamikaji maneti. Leo wewe ndiye Eddy.

Mwanzoni anafurahi, na ana haki, kwa sababu anashinda. Halafu mimi nakaa upande wa pili na kukinga tu, simrudishii kitu. Hapo ndipo anagundua kwa vidole vyake jambo ambalo ningemwambia mara mia na lisingeingia. Eddy akiwa amesimama kwa mikono, au akiwa katika ule mkao wake wa kulala, hana kinga. Hata akitaka kujikinga, hawezi. Kumbe kila mzunguko unaishia mahali, na pale unapoishia anategemea woga wako peke yake. Kijana anajifunza teke lipi huzaa lipi, na pengo liko wapi. Akirudi kwa mtu wake, Eddy aliyemliza anaanza kula ngumi katikati ya mzunguko. Malalamiko yanaisha bila mimi kuhutubia.

Kwa King somo ni jingine kabisa, na mimi naliona kubwa zaidi. King, mwenye kinyago cha jagwa, anaishi kwa kukamata. Akikushika una nafasi fupi ya kujinasua kwa kitufe sahihi, na kwa kawaida mkono unaotangulia ndio unaokuambia: ukiwa wa kushoto bonyeza mraba, wa kulia bonyeza pembetatu, ikija yote miwili bonyeza vyote viwili pamoja. Kuyasoma haya ni rahisi. Usiku wa mashindano, kelele zimejaa, macho hayaoni mkono wowote kama hayakuwahi kuutuma yenyewe. Ndiyo maana nataka kijana awe ameituma mikono hiyo mara nyingi kabla ya kukutana nayo.

Lakini nasema somo ni kubwa zaidi kwa sababu ya hili: ukiwa King unalazimika kupanga. Kukamata kwake kwingi kunampita juu mtu anayechutama, na mtu anayerusha ngumi mfululizo humfikii. Unamhitaji aliyesimama wima, amejikunja ndani ya kinga yake, anaogopa. Kwa hiyo unaanza na mapigo ya kati, yale yanayomuumiza anayechutama, unamfundisha kwamba kuchutama kuna gharama. Akishajifunza, akasimama, ndipo unamkamata. Mchezaji aliyewahi kumpangia mtu hivyo huisikia hatari anapopangiwa yeye. Anajua kwamba yale mapigo mawili ya kati hayakuwa na shida naye, yalikuwa yanamtayarisha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, ni kubadilishana. Vijana wawili wanaojuana vizuri wanapeana watu wao kwa jioni nzima. Nimekaa nyuma ya wawili wa namna hiyo, mmoja wa Hwoarang na mmoja wa Paul, nikatazama. Yule wa Paul, alipomshika Hwoarang, hakujua mikao yake, wala kusimama kwa mguu mmoja, wala kubadili mguu wa mbele. Alitumia mateke machache tu. Ila tazama ni mateke gani! Ni yaleyale yaliyokuwa yakimtesa yeye. Kulikuwa na teke moja la chini ambalo mwenye Hwoarang alilihesabu kuwa la kujazia tu, hakulitilia maanani. Mwenzake alilirudia na kulirudia, kwa sababu ndilo lililokuwa likimuua. Na ule mfululizo mrefu wa mateke ambao mwenye Hwoarang aliujivunia mbele ya mtaa mzima, mwenzake hakuugusa hata mara moja. Haukuwahi kumtisha.

Mimi kama kocha siwezi kukupa habari ya namna hiyo. Mpinzani wako amekuonyesha, bila kufungua mdomo, jinsi unavyoonekana kwake. Na upande wa pili nako kulikuwa na kazi. Mwenye Hwoarang, aliyekuwa akiichukia ile ngumi kubwa ya Paul, sasa anaitegemea, na ikikingwa anaona alivyobaki wazi. Anaona pia kitu kidogo: kabla ya kuirusha, yeye mwenyewe anasita, anarudi nyuma hatua moja kutafuta umbali. Baada ya jioni hiyo, kila Paul akirudi hatua ile, kijana wa Hwoarang tayari ameshajua kinachokuja.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito kuliko kwa mchezaji wa Seoul au Tokyo. Yeye akitaka kupambana na mhusika asiyemzoea anaingia mtandaoni, na muda si mrefu amempata. Huku megabaiti ni ghali, seva ziko mbali, na mchezo wa fremu hauvumilii picha inayokwama. Wengi wetu bado tuko na Tekken 5 ya PlayStation 2, au Tekken 6 ya PSP, ile PlayStation ndogo ya mkononi, tukiicheza kwenye simu, bila mtandao wowote. Tunacheza sisi kwa sisi. Tekken 8 ilitoka na wahusika 32. Kama chumba chenu kina wachezaji kumi na kila mmoja ana mtu wake mmoja, zaidi ya ishirini hamjawahi kuwaona wakichezwa na mtu anayewajua. Siku mgeni anashuka kutoka Likasi au Kolwezi na Xiaoyu wake, anajikunja chini kabisa ngumi zikampita juu, anawageuzia mgongo na kupiga akiwa hivyohivyo, chumba kizima kinaanguka. Mgeni huyo huenda si hodari kuwapita. Hamjamzoea tu. Kila mmoja wenu angekuwa na mtu wa pili na wa tatu, chumba cha kumi kingekuwa cha thelathini.

Kutoka pembeni si kikwazo. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda EVO Japan, tawi la Japani la EVO, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana, na mwaka uleule akashinda EVO ya Las Vegas kwa kumfunga Knee wa Korea Kusini katika fainali. Alitoka mahali ambapo wachezaji walikuwa wakinoana wao kwa wao, ulimwengu haujawatambua. Na huyo Knee aliyefungwa, Bae Jae-min kwa jina lake, ni bingwa anayeheshimiwa hasa kwa kuwamudu wahusika wengi mno. Vijana wangu nawaambia wamtazame yeye zaidi ya wote.

Kuna sababu nyingine, ambayo haihusu Tekken peke yake. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliwapa watu mazoezi ya mkono: kuangusha vizuizi vidogo kwa mpangilio fulani, haraka iwezekanavyo. Baadhi walirudia mpangilio mmoja mpaka uishe ndipo wahamie mwingine. Wengine walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, wale wa kurudia walikuwa na kasi zaidi. Walipopimwa baadaye, pamoja na kazi mpya ambayo hawakuizoea, waliochanganyiwa ndio waliofanya vizuri. Hiki ndicho ninachokiona kwenye maneti. Kijana anayebadilisha watu anaonekana ameshuka, wenzake wanamcheka, na yeye anavunjika moyo. Muda huo ndio anaojifunza zaidi, na ndio anaohitaji mtu wa kumshika mkono.

Kumshika mkono si maneno tu, kwa sababu shida kubwa ni pesa. Kwenye vyumba vyetu anayeshindwa anaachia maneti, na akitaka kurudi analipa tena. Umeme ukikatwa na mwenye chumba akawasha jenereta, bei inapanda. Nani atamjaribu Yoshimitsu kwa franka zake za mwisho? Atamshika mtu wake wa kawaida, na ana akili kufanya hivyo. Kwa hiyo nimekubaliana na wenye vyumba ninaofanya nao kazi: saa za asubuhi, watoto wakiwa shuleni na chumba kitupu, wanaojifunza wanakaa wawili wawili kwa bei ya chini, na hakuna kuachia maneti. Mwenye chumba hapotezi, maana saa hizo hapakuwa na mteja. Wenye vyumba wengine wa Lubumbashi, nawaomba mfikirie jambo hili kwa dhati. Vijana wakikua ndipo mashindano yanajaa.

Nawaonya pia, kwa sababu kuna kubadilisha kunakobomoa. Yupo anayeshindwa na Law asubuhi, mchana amehamia kwa Bryan, jioni yuko kwa Jin, na lawama anamtupia kila mmoja wao. Huyo anakimbia, na kila anapokwenda anabeba udhaifu uleule. Kwangu kanuni ni kinyume: badili ukiwa unashinda. Ukiwa unashinda, una utulivu wa kutazama. Ukiwa unashindwa, kaa na mtu wako mpaka ujue ni pigo gani linalokuua na zamu yake inaishia wapi. Na unapobadili, mfuate anayekupinga tabia. Kama umezoea mateke ya haraka, nenda kwa King. Kama umezoea kukaa mbali na kusubiri, nenda kwa Eddy, ili mwili wako ujifunze kuwa wa kwanza kushambulia. Mmoja kwa wakati mmoja, si watatu.

Mtihani wangu ni Mokujin, yule mtu wa gogo, ambaye kila raundi anaazima mtindo wa mhusika mwingine. Yupo Tekken 3, 5 na 6. Anayecheza 7 au 8 atumie kuchaguliwa mhusika kwa bahati nasibu, itamfaa vilevile. Simtaki kijana ashinde na Mokujin. Nataka, raundi inapoanza, aniambie kwa sauti ni mtindo wa nani na pigo lake la kwanza la kuadhibu ni lipi, kabla hajasogea.

Kwa wale wa simu, wenye Tekken 6 kwenye kioo: msianze na Kazuya wala Heihachi. Ile ngumi yao ya umeme inataka kitufe na mwelekeo vikutane ndani ya fremu moja, na kidole kwenye kioo hakisikii kilipo kitufe. Mwanzieni Law au Paul, mapigo yao makuu yanatoka bila taabu, halafu King akipatikana rafiki wa kukopesha maneti.